Nyumbani Kuna Mtu

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza alfajiri, na daftari hili nalo. Mwalimu wetu wa baiolojia alituambia siku ya mwisho ya shule kwamba mtu akiacha kuandika, akili yake huota kutu. Mimi sitaki kutu.

Nyumbani tuko wanne, sote wa kike tangu Baba afariki. Mama anafua mashuka ya hospitali. Dada, aliyenizidi miaka saba, anaosha chupa kwenye kiwanda cha soda, zamu ya mchana. Mtoto wake ana miaka minne, na kwa kuwa hanyamazi hata akitafuna, tunamwita Chiriku. Wa nne ni mimi. Mimi ndiye ninayebaki.

Mwalimu huyohuyo aliona michoro yangu ya mifupa akanitafutia nafasi ya kujifunza kazi kwa fundi wa meno bandia. Nilikwenda juzi. Karakana yake ni chumba kimoja nyuma ya duka la miwani. Alinipa kipande cha nta na kisu kidogo, akasema, "Nichongee gego." Niliona haya kumwuliza la juu au la chini, nikachonga la chini. Akaligeuzageuza chini ya taa. "Umeweka na mtaro wa katikati," akasema. "Wengi hunichongea kokoto." Akaniambia nianze mvua zikiisha, msaidizi wake atakapohama. Kazi yote pale inafanywa kimya. Nilitamani nianze palepale.

Lakini Chiriku atakaa na nani? Chekechea za kulipia hatuziwezi. Iko ile ya halmashauri, nyuma ya zahanati, ambayo ni bure, ila si kila mtoto anapokelewa. Kesho Mama atakwenda kumwandikisha. Akipata nafasi, na mimi nimepata.

Jumanne, 5 Machi

Ameandikishwa. Watakuja kuona hali ya nyumbani ndipo waamue. Lini, hawakusema.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua. Nguo hazikauki. Chiriku ameniuliza kama samaki hulala macho wazi, kama mimi nimewahi kuwa mtoto, na kama Mungu ana magoti.

Jumanne, 12 Machi

Niseme ukweli, kwa kuwa hapa hakuna anayenisikia. Dada ananichosha. Akirudi kazini hujitupa kitandani bila kuvua soksi. Chiriku anamwita, "Mama! Mama! Mama!" kama kengele ya shule, naye anajibu na uso uko kwenye mto: "Mwulize mama mdogo." Njaa, mwulize mama mdogo. Kidonda, mwulize mama mdogo. Jumapili alipaka kucha rangi nyekundu, akachukua muda mrefu kuliko ninaotumia mimi kumwogesha mwanawe. Nilikuwa na maneno mengi. Nikaenda kuyaosha pamoja na vyombo.

Jumatano, 20 Machi

Kesho wanakuja! Jirani ametuletea habari, kasikia zahanati. Jirani huyu hukodisha viti na mazulia ya shughuli, kwa hiyo mtaa mzima unamwita Mama Viti.

Nyumba imepinduliwa. Mama amesugua sakafu mpaka imeona haya. Mama Viti ametuazima makochi mawili ya rangi ya maziwa, zulia, na seti ya glasi zenye maua. "Bure kabisa," alisema. "Mtoto akichaguliwa, mtanikumbuka."

Nilimwambia Mama polepole kwamba pengine wangetaka kuona tunavyoishi siku zote. Alinitazama kama niliyependekeza tumpokee mgeni uchi. "Siri ya mtungi aijuaye kata," akasema. "Mgeni anaijua ya nini? Wewe shule uliingiaje? Si kwa sababu ulikwenda safi na ukajibu vizuri? Basi. Wanachagua mtoto wa nyumba nzuri."

Alisema kwa uhakika, na mimi kubishana sijui. Nikachukua kitambaa nikafuta glasi.

Alhamisi, 21 Machi

Amekuja. Ni afisa wa halmashauri, mama wa makamo mwenye viatu vya mpira na mwavuli uliovunjika ubavu mmoja. Alisita mlangoni alipoona zulia.

"Nivue viatu?"

"Aa, ingia tu, dada yangu, hapa ni kwako!" Mama akasema, huku macho yake yakiomba avue.

Akakaa kwenye kochi. Mama akamletea soda kwenye glasi yenye maua. Dada alikuwa kazini. Mimi nilisimama karibu na mlango wa jikoni, mahali ninaposimama wakija wageni.

Afisa akamwita Chiriku, naye hakungoja kuitwa mara mbili. Akahesabu hadi ishirini bila kuruka. Akataja rangi za zulia. Akaimba. Akaonyesha anavyonawa mikono, na katikati ya vidole. Kisha akachukua kidole cha afisa akachora nacho herufi hewani.

"Mashallah, jamani," afisa alicheka. "Nani kakufundisha yote haya?"

"Mama mdogo!"

"Yuko wapi huyo mama mdogo?"

Chiriku akanielekeza. Nikatamani ukuta unimeze. Na hapo Mama, kwa furaha, akanivuta mkono akanileta katikati ya chumba.

"Huyu ndiye mwalimu wetu. Amemaliza shule, yupo tu nyumbani. Anamlea mtoto kama wake. Anamwogesha, anamsomesha, anampikia. Sisi tukienda kazini hatuna wasiwasi hata kidogo. Mtoto huyu hana shida yoyote, dada yangu. Yoyote."

Afisa akanitazama kwa upole. "Hongera, binti," akasema, kisha akaandika. Aliandika muda mrefu.

Alipoondoka Mama alipiga vigelegele vya chini kwa chini, ili mtaa usisikie mapema. Jioni Mama Viti alikuja na mkokoteni kuchukua vitu vyake. Chumba kilipobaki na mkeka na ndoo, mwangwi ulirudi. Nilikaa nikakumbuka ule upole wa afisa, na muda mrefu alioandika.

Alhamisi, 28 Machi

Tumekataliwa.

Mama alikwenda mwenyewe, akarudi amelowa, mwavuli ameukunja mkononi kama aliyeusahau. Walimwambia chekechea ile ni ya watoto ambao nyumbani kwao hakuna wa kuwaangalia, na walio katika hali ngumu. Huyu wetu ana nyumba nzuri na ana malezi. Karani alimwambia, "Mama, nafasi ni chache. Kuna watoto wanafungiwa ndani na kufuli. Kwenu nyumbani kuna mtu."

Mama hakulia. Alikaa kwenye mkeka akasema, "Tulidhani wanatafuta mtoto bora." Akarudia mara nyingi, kila mara kwa sauti ndogo zaidi. Sikuweza kumkasirikia. Glasi nilizifuta mimi. Ile ishirini nilimfundisha mimi, tukihesabu viazi.

Mtu aliye nyumbani ndiye mimi. Nimekuwa nikimfundisha Chiriku ili akubalike, na kila alichojua kimekuwa sababu ya kukataliwa.

Tunaweza kukata rufaa mbele ya kamati.

Jumanne, 2 Aprili

Nilimbeba Chiriku mgongoni hadi kwa karani. Nilijikaza nikauliza: je, kama mtu wa nyumbani ana kazi? Akasema hapo mambo yanabadilika, nilete uthibitisho kwamba nimeshaanza.

Tukavuka barabara hadi kwa fundi wa meno. Alikuwa anang'arisha seti ya juu, mashine inanguruma. Nilimweleza, nikimeza nusu ya maneno. Aliinua miwani.

"Umeshaanza?"

"Bado."

"Niandike umeanza na hujaanza?"

"Hapana, shikamoo… yaani, hapana."

Alicheka, lakini si kwa ubaya. "Binti, mimi meno ya uongo natengeneza kila siku. Maneno ya uongo siyawezi. Njoo Jumatatu uanze, nitaandika Jumatatu hiyohiyo."

"Na mtoto?"

Alimtazama Chiriku, ambaye alikuwa ameshika taya la plasta analiuliza jina lake. Alitazama taa ya gesi, visu, makopo ya dawa. Kisha akasema kuna binti mwingine ameulizia nafasi, na kwamba atanisubiri hadi katikati ya mwezi wa tano, zaidi ya hapo ana wateja.

Kwa hiyo nikiwa na kazi mtoto atapata nafasi, na mtoto akipata nafasi nitapata kazi. Nimezunguka humo kichwani siku nzima kama ng'ombe wa kinu.

Ijumaa, 5 Aprili

Mvua. Viazi. Ishirini.

Jumatano, 10 Aprili

Tumegombana jana. Dada alikuja na wazo: niende nikakae kwa shangazi, ili nyumbani pasiwe na mtu. Nikamwuliza Chiriku atakaa na nani hadi kamati iamue, na shangazi mwenyewe, aliye na wajukuu watatu, ataniachia lini niende karakana.

"Sasa wewe unataka nini?" akasema. "Kila wazo hapana. Wewe una nini cha kupoteza? Umekaa tu."

"Nimekaa tu?"

"Si umekaa? Mimi nasimama siku nzima, nakuja hapa nakukuta umekaa na mtoto mnachora mavitu."

Nilimnyanyua Chiriku nikamweka mapajani kwa Dada, nikatoka nje nikasimama chini ya upenu. Nilimsikia Chiriku akimwuliza, "Mama, kwa nini mama mdogo amekuacha na mimi?"

Tangu jana tumesema "nipe chumvi" na "funga mlango".

Jumatatu, 15 Aprili

Kamati ilikuwa ikutane leo. Ofisi imeingia maji. Imeahirishwa. Mama amesema heri, maana hajui atasema nini. Hataki kwenda kueleza umaskini wetu mbele ya watu wanaomjua. Nusu ya mashuka anayofua yamelaliwa na mtaa huu.

Ijumaa, 19 Aprili

Leo nimeona nisichokijua.

Dada alisahau viatu vyake vya mpira. Mvua ilikuwa ya kumwaga, nikasema shauri lake. Kisha moyo ukanisuta. Nikamfunga Chiriku mgongoni, nikaweka plastiki juu yetu sote wawili, tukaenda kiwandani.

Mlinzi alituruhusu hadi kwenye banda la kuoshea. Sikumtambua Dada mara moja. Walikuwa wanawake mstari mzima, mbele ya birika refu la maji yenye magadi, moshi wake unachoma macho. Maji machafu yalifika juu ya vifundo vya miguu. Dada alikuwa amevua ndala zake, amesimama juu ya kreti iliyopinduliwa, na kila akitaka chupa za upande wa pili anaruka hadi kreti nyingine kama mtoto anayecheza. Wenzake walikuwa wanacheka naye. Msimamizi akapita akasema, "Wewe mwenye kucha, ongeza mwendo." Hakumwita jina. Anafanya kazi pale mwaka wa tatu.

Nikaona mikono yake. Ngozi ya vidole imechubuka hadi nyekundu, na kucha zimeliwa na magadi zikawa za manjano. Nilijua palepale ile rangi nyekundu ya kucha ni ya kuficha nini.

Aliponiona alishtuka. "Mtoto kafanya nini?"

"Hajafanya kitu. Viatu vyako."

Akavivaa hukohuko juu ya kreti, amenishika bega. Chiriku akampigia kelele ya mama-mama-mama, na wanawake wote mstarini wakaitikia, "Abee!" Banda zima likacheka. Dada akanisogezea mdomo sikioni. "Usimwambie Mama kuhusu haya maji," akasema. "Anajua nakaa ofisini kwenye mashine ya kubandika karatasi za chupa."

Kumbe hata Mama hajui. Kila mmoja ndani ya nyumba yetu amewatandikia wenzake zulia la kuazima.

Jioni nilimpaka mafuta mikononi. Hatukuzungumza kuhusu ule ugomvi. Aliniambia tu, "Polepole hapo," na mimi nikafanya polepole.

Alhamisi, 25 Aprili

Kamati imekutana, katika darasa la chekechea lenyewe. Watu wazima walikaa kwenye viti vidogo, magoti kifuani. Mwenyekiti, mzee mwenye mafua, alikuwa na leso kubwa ya bluu. Mwalimu mkuu alikuwepo, na yule afisa wa mwavuli. Dada aliomba ruhusa ya asubuhi. Chiriku alikuwa mapajani kwangu.

"Tueleze, mama," mwenyekiti akasema. "Shida yenu ni nini?"

Mama alisimama. Akaweka sawa mtandio wake. "Shida… kwa kweli, mzee wangu, Mungu anasaidia. Si shida sana. Tunajitahidi."

"Kwa hiyo hamna shida?"

"Si kusema hatuna, ila…" Akamtazama afisa, akatazama chini. Nilimwona Mama yangu, anayepandisha mashuka mabichi ngazi mbili kichwani, ameshindwa kuinua neno moja.

Mwenyekiti akapiga chafya, akasema, "Basi, kama hakuna la ziada…"

Nikasimama. Chiriku alikuwa bado mikononi mwangu, kwa hiyo nilisema nikiwa nimembeba. Sauti yangu ilitoka kama ya mtu mwingine aliye chumba cha pili.

"Viti si vyetu," nikasema.

"Viti gani?"

"Alivyokalia mama afisa. Na zulia, na glasi. Vilirudi kwa mwenyewe jioni ile. Cha kwetu kilichobaki ni mimi."

Mama akanivuta sketi. Niliendelea, kwa sababu nilijua nikinyamaza sitaanza tena.

"Mnasema nyumbani kuna mtu. Ni mimi. Nampenda huyu mtoto. Lakini sikuchaguliwa kumlea, nilikutwa tu. Nimepata mahali pa kujifunza kazi, na siwezi kwenda kwa sababu nipo nyumbani, na nipo nyumbani kwa sababu siwezi kwenda. Mkiendelea kunihesabu hivyo, hata akifika miaka ishirini nitakuwa nipo." Kisha nikasema lile ambalo sikulipanga. "Sitaki kukaa naye tena."

Chiriku akanishika mashavu kwa mikono yake miwili akanigeuza nimtazame. "Mimi?" akauliza. "Hutaki kukaa na mimi?"

Yule afisa ndiye aliyeinuka akamchukua, akamwonyesha picha za ukutani.

Wakanong'onezana. Kisha mwalimu mkuu, ambaye hakuwa amesema kitu, akauliza, "Tukimpokea, tunafunga saa sita mchana. Nani atakuja kumchukua? Karakana haifungi saa sita."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Hakuna kati yetu aliyelifikiria. Tulihangaikia mlango wa kuingilia tu. Mama akanitazama, mwenyekiti akanitazama, na nilihisi uzito ule unarudi mgongoni taratibu, kila kilo mahali pake.

"Mimi," Dada akasema.

"Si uko kazini mchana?"

"Nitaomba zamu ya usiku. Inatafutiwa watu kila siku, haina wenyewe."

"Usiku!" Mama akasema. "Halafu mchana uwe na mtoto? Utalala lini wewe?"

"Mama," Dada akasema kwa sauti ya chini, akitabasamu kwa wale wakubwa kwenye viti vidogo, "hayo tutazungumza nyumbani."

Hatukuyazungumza.

Ijumaa, 3 Mei

Amepokelewa. Anaanza Jumatatu ya tarehe kumi na tatu. Mama Viti amepiga vigelegele vya kutosha mtaa mzima na kudai ni makochi yake. Mimi nimefurahi, halafu nikaingia chooni nikakaa humo muda mrefu.

Jumatano, 8 Mei

Dada ameanza zamu ya usiku. Mvua zimepungua. Chiriku tangu siku ile ya kamati ananiuliza kila kitu mara mbili, kama anayehakiki kwamba nitajibu na ya pili. Ninajibu na ya pili.

Jumatatu, 13 Mei

Naandika haya saa ya chakula, kwenye benchi la karakana. Vumbi la plasta limeingia hadi kwenye kalamu.

Asubuhi nilimvalisha Chiriku sare. Dada aliingia kutoka kazini, macho mekundu, nywele zinanuka magadi. Alinawa uso akasema, "Haya, mwanafunzi, twende." Kulikuwa kukavu nje, jua limetoka safi.

Tulitembea pamoja hadi njia panda ya zahanati. Wao kushoto, mimi kulia. Hapo Chiriku aliposhikwa mkono na mama yake, aliukataa. "Nataka mama mdogo anipeleke."

"Mama mdogo anakwenda kazini," Dada akasema. "Mimi ndiye nitakupeleka. Na saa sita nitakuja."

"Wewe unalala! Nataka mama mdogo!"

Akanishika gauni kwa ngumi zote mbili. Dada hakumvuta. Alisimama tu na ule mkono wake mwekundu umenyooshwa, hauna wa kuushika, na niliona usoni mwake jambo ambalo miezi yote hii sikuliona, kwamba anajua. Anajua mwanawe amelelewa na nani wakati yeye akiruka juu ya makreti. Hakunilaumu. Lakini aliniangalia kunisubiri, na sikujua ananisubiri nifanye lipi.

Nilifungua vile vidole kimoja kimoja. Vilikuwa safi, nilivinawisha mimi, na katikati. Nikaviweka ndani ya mkono wa Dada nikavifumba. Dada akasema, "Nenda. Nenda sasa hivi, kabla sijachoka."

Nikaenda. Chiriku alilia kwa sauti ile yake isiyo na nukta, nami nilimsikia hadi duka la miwani. Watu waligeuka kumtazama. Mimi sikugeuka. Najijua. Ningegeuka, saa hizi ningekuwa nyumbani, nahesabu viazi.